Pombe ya Bangili

Nina ugomvi na bangili ya plastiki. Ile ya buluu wanayokufunga mkononi ukifika hoteli za Diani, jasho la feri ya Likoni likiwa halijakauka mgongoni, halafu unaambiwa kwa upole wa Pwani kwamba kuanzia dakika hiyo kila kitu kimelipiwa: kulala, kula na kunywa. Wakifika hapo kwenye kunywa wanatua kidogo, maana wanatujua sisi watu wa Nairobi. Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, aliposikia neno hilo alimshukuru Mungu kwa sauti mbele ya Wazungu, mizigo ikiwa bado kwenye teksi.

Nianze kwa kutenda haki. Chakula sina neno nacho. Samaki alikuwa samaki, wali wa nazi ulikuwa na nazi, na mahamri ya asubuhi yalikuja ya moto. Chumba kilikuwa safi, ukimwacha tumbili aliyepanda barazani akaondoka na ndizi zetu bila haraka yoyote. Bahari nayo ilikuwa pale pale ilipoonyeshwa kwenye picha. Kinachonikera, na nitakilalamikia mpaka mhariri anikate, ni kile kilichokuwa ndani ya glasi.

Menyu ya baa ya kando ya bwawa iliandikwa kwa herufi za madaha kwenye ubao wa mnazi. Machweo ya Diani. Busu la Bahari. Kasuku Mwekundu. Nilianza na Machweo, nikaishuka orodha yote kwa utaratibu wa mkaguzi wa hesabu, na ripoti yangu ni fupi: ni kinywaji kimoja. Kina shira nyekundu, au shira ya buluu, au zote mbili zikiwa hazijaamua nani akae juu. Kina juisi ya machungwa isiyowahi kukutana na chungwa. Kina kipande cha nanasi pembeni, na barafu nyingi kiasi kwamba ukimaliza kunywa glasi inabaki imejaa. Pombe ilitajwa kwenye menyu. Kwenye glasi haikuhudhuria.

Mrija wenyewe ulikuwa wa karatasi, na hilo silipingi. Juni 2020 Kenya ilipiga marufuku plastiki za kutumia mara moja kwenye fukwe, misitu na mbuga, na kasa wa Diani wanastahili amani yao. Lakini mrija wa karatasi haukawii kulainika. Unapinda, unalegea, unaanguka ubavu kwenye ukingo wa glasi. Katika vyote vilivyokaribia kinywaji kile, mimi nikiwemo, ni mrija peke yake uliolewa.

Kilichonitoa machozi ni dawa. Wanywaji wa Nairobi wanaijua. Ilipata jina pale Carnivore, mkahawa wa nyama uliofunguliwa mwaka 1980, na siku hizi huwezi kukanyaga hoteli ya utalii Afrika Mashariki usiikute. Haina siri yoyote: vodka, ndimu iliyokatwa na ganda lake, sukari kidogo, barafu iliyopondwa, na kijiti kilichochovywa kwenye asali nzito. Utamu unaupanga wewe mwenyewe mnywaji. Ukikoroga sana asali inayeyuka na kinywaji kinalainika; ukikoroga kidogo, ndimu na vodka zinakuuma ulimi. Ni kinywaji kinachomheshimu mtu.

Basi nikasimama kaunta kuangalia yangu ikitengenezwa. Glasi fupi, ya plastiki. Robo ya ndimu iliyokatwa asubuhi, kingo zimeshakauka. Barafu mpaka juu. Kijana wa baa akachukua chupa ya vodka iliyovishwa mdomo wa kumiminia, akaiinamisha, na kabla sijapepesa ilikuwa imeshasimama wima tena. Chupa na glasi zilisalimiana kwa mbali, kama majirani wenye kesi ya mpaka wa shamba. Asali ikaja kwenye chupa laini ya kubinya, nyepesi, rangi ya strungi. Nikalamba kijiti. Ilikuwa sukari iliyochemshwa na kuungua kidogo, nyuki hawakuhusishwa. Nikakoroga, nikakoroga tena, nikaonja. Mkononi nilikuwa na maji ya ndimu ambayo mama yangu hunipa nikiwa na mafua, na mama huongeza tangawizi.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu sikuwa nimemsifu. Sikuwa hata nimeketi.

Shemeji ana kipaji cha kuzoeana na mtu kabla hajamjua jina. Usiku ule baa ilipokaribia kufungwa alimvuta yule kijana pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, tatizo liko wapi?" Kijana akacheka, akatazama kushoto na kulia, kisha akatupa hesabu.

Chupa ya mililita 750, alisema, ukipima toti za mililita 30 inatoa 25. Ukipima za mililita 25 inatoa 30. Toti hizo tano ndizo zinazotenganisha meneja anayesifiwa mkutanoni na meneja anayehamishwa. Stoo haitoi chupa bila karatasi, na mkaguzi hupita kulinganisha chupa zilizotoka na wageni waliolala. Sasa sikilizeni vizuri, wazee wangu. Kwenye baa ya kawaida toti ikitoka, tajiri anafurahi, kwa sababu imeuzwa. Hapa kila toti inayotoka ni hasara. Mgeni alishalipa, pengine mwaka jana, kupitia wakala aliyeko Ujerumani, na pesa ile haiongezeki hata akinywa bwawa zima. Kwa hiyo kazi yetu si kuuza. Kazi yetu ni kuchelewesha.

Baada ya hapo nikaanza kuona mambo yaliyokuwa mbele ya macho yangu mchana kutwa. Glasi ndogo. Barafu. Sukari tele, kwa kuwa sukari humkinaisha mtu mapema akaenda kuogelea. Kinywaji kimoja kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Wahudumu wawili, foleni ya kufika kwenye mabembea ya watoto. Maishani mwangu sikuwahi kuona baa inayoomba wateja wasije.

Na si Diani tu. Zanzibar, ambako sehemu kubwa ya pombe huvuka bahari, mwanzoni mwa 2024 vinywaji viliadimika baada ya mabadiliko ya kampuni zenye kibali cha kuagiza, na bei ya bia ikapaa. Mgeni wa bangili aliyelipa miezi kabla huwezi kumpandishia bei akiwa ameshatua na kofia ya ukili kichwani. Piga hesabu mwenyewe kitakachopungua ni nini.

Kisha kuna maandishi madogo. Karatasi ya pakeji, ukiisoma kwa miwani, inasema bei inajumuisha "vinywaji vilivyoteuliwa vya humu nchini". Vya humu nchini sina ugomvi navyo hata kidogo. Nchi ambayo kiwanda chake cha bia kilianzishwa mwaka 1922 haina sababu ya kuona haya, na ng'ambo ya mpaka jirani zetu wana Konyagi yao na wanaijivunia. Ninachouliza ni nani aliyeteua. Ilikuwa kamati? Walionja? Maana kwenye rafu ya juu kulikuwa na wiski za miaka 12 zimepangwa kwenye taa, zikitutazama, na ukinyoosha kidole unajibiwa, "Hiyo iko nje ya pakeji, mzee." Kumbe kuna bangili ya dhahabu. Wenye ya dhahabu walikaa kivulini upande wa pili na glasi za kioo, na nilikuwa nimewadhania ni wanakwaya.

Shemeji, ambaye haamini kitu ambacho hajakipapasa, alitoa simu akafungua ile programu ya KRA iitwayo Soma Label, akaielekeza kwenye stempu ya ushuru iliyobandikwa kwenye chupa ya jin. Simu ikafikiri kidogo, ikajibu kwamba stempu ni halali. Akaniangalia kwa huzuni. "Chupa haina kosa," akasema. "Sasa tutafute stempu ya glasi."

Nitoke kidogo kwenye mzaha. Kuna pombe mbovu na kuna pombe inayoua. Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliwaua makumi ya Wakenya, Embu na Kitui zikiwa miongoni mwa kaunti zilizozika, na anayekumbuka wiki ile hawezi kutania kila chupa. Ya hoteli yetu haikumdhuru mtu. Haikuwa na nguvu hizo.

Siku ya pili shemeji alikuja na mbinu. Alikunja noti ya mia mbili akaiacha chini ya glasi tupu, akaangalia baharini. Jamani! Dawa iliyofuata ilikuwa na dawa. Chupa ilipoinama iliinama kweli, ikakaa huko ikitafakari. Ndimu ilikatwa mbele yetu, maji yakaruka. Na asali ikatolewa chini ya kaunta kwenye chupa ya kioo, nyeusi, nzito, yenye harufu ya msitu. Kumbe ilikuwapo siku zote! Tukanywa kimya. Katikati ya kimya hicho nikafanya hesabu yangu ndogo: bei iliyofukuzwa mlangoni ilikuwa imerudi kupitia dirishani, na sisi sasa tulikuwa tunalipa mara mbili, Nairobi kwa M-Pesa na Diani kwa noti. Ya kijana sikuionea uchungu, alistahili kila senti. Ya Nairobi ndiyo iliyoniuma.

Waliobuni mtindo huu wa kulipa kwa mkupuo walikuwa waangalifu kutushinda. Mwaka 1950 Mbelgiji Gérard Blitz alifungua kijiji cha kwanza cha Club Med pale Alcúdia, kisiwani Mallorca. Watu walilala kwenye mahema, wakacheza, wakala meza moja, na mvinyo wa mezani ulikuwamo ndani ya bei. Baa haikuwamo. Baadaye wakaleta shanga: mgeni ananunua, anazivaa, na kila akiagiza kinywaji anatoa kadhaa. Mke akitaka kujua mumewe amefika wapi alitazama shingo tu. Hoteli za Karibiani, hasa za Jamaika, ndizo zilizokuja kutumbukiza hata baa ndani ya bei moja kuanzia miaka ya 1970, na hapo ndipo shanga zilipoondoka na busara ikafuata.

Baa ya mtaani kwetu haina bwawa. Ina televisheni moja, mbuzi wa jirani, na choo ambacho sitakizungumzia. Lakini ukiketi, mhudumu anakuuliza swali ambalo hoteli nzima haikuniuliza: baridi ama moto? Kisha analeta chupa imefungwa, anaifungua mbele yako, kizibo kinalia mezani, na chupa tupu zinabaki hapo hapo mezani zikiwa ndizo hesabu. Ikiwa imeharibika unairudisha. Atanuna, ataleta nyingine, kwa sababu asipoleta hutalipa, na ng'ambo ya barabara kuna baa nyingine inayokuita kwa muziki. Ukiwa na bangili huna silaha hizo. Huwezi kukataa kulipa, umeshalipa. Huwezi kuhama, bangili yako haitambuliki kwa jirani. Ukilalamika unaambiwa, "Pole sana, bosi, nikuletee nyingine?" Na nyingine ni ile ile. Bia yenyewe hufunguliwa chini ya kaunta na kumiminwa kwenye plastiki, kwa sababu kioo na miguu mitupu ya bwawani havipatani, jambo ninalolielewa kabisa, ila ikinifikia imeshapoa moyo na haina povu, na mimi nimebaki kuuliza maswali ya imani.

Mama watoto si mtu wa makelele. Yeye aliomba glasi ya mvinyo mweupe na samaki wake wa jioni. Mvinyo ulitoka kwenye katoni ya lita tano yenye bomba, iliyoshinda kaunta kutwa nzima kwenye joto la Pwani, ukaja vuguvugu. Mwekundu, kinyume chake, ulitoka kwenye friji na baridi ya kung'oa meno. Kesho yake ukatokea wa waridi, na nina shaka yangu kwamba wale wawili walikutana usiku. Alionja, akaweka glasi chini taratibu, akaagiza chai ya tangawizi. Tangu jioni hiyo ndiye peke yake mezani petu aliyekunywa kitu chenye ukali.

Aliyeniliwaza ni mzee mmoja Mjerumani ambaye huja Diani kila kwao baridi inapokaza. Alikuwa na kikombe chake cha chuma, cha lita moja, chenye kifuniko na mpini. Anakibandika kaunta: "Jambo, jaza." Kanuni inasema kinywaji kimoja kwa mtu mmoja, haisemi ukubwa wa chombo, na Mjerumani alikuwa ameisoma kanuni. Wiski yake aliinunua uwanja wa ndege wa Frankfurt na kuilaza chumbani ndani ya soksi. Nikamuuliza mbona basi analipia vinywaji vya hoteli. Akanitazama kwa huruma, akasema yeye hulipia kivuli.

Alasiri moja tulitoroka. Kijana wa bustani aliyemaliza zamu alituongoza ng'ambo ya barabara kuu, tukapita misikiti miwili na uwanja wa mpira, mpaka kwenye mangwe, kilabu cha pombe ya mnazi, chini ya mwembe. Mnazi uliletwa kwenye jagi, na mirija yake ilikuwa ya kienyeji, yenye nyuzi zilizofungwa mwishoni kuchuja takataka. Nikachungulia ndani ya jagi. Nyuki! Wale waliokosekana kwenye asali ya hoteli walikuwa humu, watatu, wamekufa wakiwa na furaha. Mzee mwenye mahali pale alijimiminia kidogo akanywa kwanza yeye, mbele yetu, kisha akatupa sisi. Wa asubuhi, akasema, umeshaanza kukaza. Ukitaka mtamu ungoje mgema ashuke jioni.

Shemeji, akiwa na jazba ya siku zote zile, akavuta, akafikiri, akatamka, "Una maji huu."

Pakawa kimya. Mzee hakusema pole. Hakuuliza kama alete mwingine. Alikasirika, kasirika ya kweli, mishipa ya shingo ikasimama, akatuma mtoto amwite mgema. Mgema akaja na panga lake kiunoni na vumbi la mnazi magotini. Akaambiwa ameitwa kujibu. Akachukua mrija wa shemeji, akavuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akafuta mdomo, akaapa kwa marehemu baba yake kwamba tone la maji halikuingia, na kwamba mgeni ulimi wake umeharibiwa na sukari za hotelini. Mabishano yalichukua nusu saa, wanywaji wote wakatoa hukumu, na shemeji akashindwa kwa kura. Akanunua jagi la pili kwa hiari yake. Sijamwona akiwa na furaha vile tangu harusi yake. Kulikuwa na mtu wa kugombana naye.

Usiku wa mwisho karatasi ilipenyezwa chini ya mlango wa chumba chake. Bili. Aliisoma mara mbili, akaja kwetu akiwa na kanga ya mkewe kiunoni ili nami niisome. Maji ya kunywa, chupa ndogo, kutoka kwenye friji ya chumbani: hayamo kwenye pakeji. Akanyanyua simu ya kitandani kwangu, akabonyeza sifuri, akangoja, kisha akasema kwa adabu yote ya Pwani aliyoiokota wiki ile:

"Dada yangu, salama? Haya maji mnayonidai nimeyanywa pale baa tangu Jumatatu, yakiwa na ndimu na kijiti, na hakuna aliyenidai hata ndururu."